Gari Lisilowashwa Mbele ya Watu

Profesa alikwenda gereji kwa shemeji yake kutafuta chakula cha mchana, akaondoka na mradi.

Tuseme mapema kwamba hakuwahi kufundisha mtu, wala kusoma kitu kirefu kuliko kibao cha barabarani. Cheo alipewa na miwani, na miwani yenyewe ilikuwa kioo kitupu. Ila ulimi alikuwa nao, na mjini ulimi ni mtaji.

Nyuma ya gereji, chini ya turubai, alikuta gari jekundu lililolala bapa kama mjusi juu ya jiwe.

"Shemeji, na hili?"

"Achana nalo," fundi akasema, akijifuta grisi. "La kijana wa kitajiri, yuko ng'ambo. Alilipitisha kwenye dimbwi, injini ikanywa maji. Nimeitoa, imerudishwa kiwandani. Hapo unaona ganda tu."

"Injini inarudi lini?"

"Mwakani, wakikumbuka."

Profesa akalizunguka ganda polepole, kama mposaji anayepita pita nje ya nyumba ya mchumba. Alikuwa ameshaona jambo ambalo fundi, kwa uaminifu wake, asingeliona: mjini hapa hakuna tajiri anayenunua gari kwa ajili ya injini.

"Niazime Jumamosi. Halitatoka hapa hata hatua moja."

"Dada yako akijua, mimi ndiye nitakayelala nje," fundi akanung'unika. Lakini kumkatalia ndugu wa mkewe kulimshinda siku zote.

Windo lilikuwa Mkandarasi, mtu mwenye tumbo la heshima, pete kila kidole kinachoonekana, na sifa ya kujenga barabara zinazodumu mpaka siku ya uzinduzi. Kila asubuhi alikunywa kahawa kwenye ukumbi wa hoteli kubwa akizungumza na simu kwa sauti ya kuhutubia uwanja. Profesa akamsogelea, akamtazama viatu, kisha akarudi nyuma.

"Samahani, mheshimiwa. Nilielekezwa kwako, lakini naona wamekosea. Kiwanda kinatafuta mtu wa daraja la juu kidogo."

"Kiwanda gani? Daraja gani? Hebu keti hapa!"

Profesa akaketi kwa huruma. Akaeleza kwamba kuna gari ambalo mtu halinunui kwa kuwa tu ana pesa. Pesa siku hizi kila mtu anazo. Kiwanda ndicho kinachomchagua mwenye gari, na nchi nzima nafasi ni moja.

"Na nikwambie ukweli, kuna daktari mmoja wa meno ameshaomba."

"Daktari wa meno!" Mkandarasi akafoka kama aliyetukaniwa mama yake. Jumamosi mchana alikuwa gereji kabla ya mwenyeji wake.

Profesa akavuta turubai, kisha akashusha mahubiri. Mwili huu ni wa nyuzi za kaboni, mwepesi kuliko bati, mgumu kuliko chuma. Breki ni za kauri, hazijui moto. Ukikanyaga mafuta, sekunde tatu umefika kilomita mia kwa saa, na roho yako inakukuta baadaye. Milango ilipofunguka kwenda juu, Mkandarasi akameza mate. Akafungua boneti ya mbele, akaruka nyuma.

"Hamna injini!"

Fundi akageuka kutazama ukuta.

"Mheshimiwa," Profesa akanong'ona, "tafadhali usiseme hivyo mbele ya mtu mwingine. Magari ya kawaida ndiyo huwa na injini mbele. La namna hii, injini hukaa nyuma ya mgongo wa dereva ili uzito ukae katikati. Hapo mbele ni pa kuweka mkoba."

"Najua! Nilikuwa nakupima tu. Haya, liwashe nisikie."

"Haliwashwi mbele ya mtu ambaye hajakubaliwa. Sharti la kiwanda. Hata yule daktari aliomba, tukamkatalia."

Jibu hilo likampendeza Mkandarasi kuliko mngurumo wowote. Akauliza amana ni kiasi gani, akaambiwa, wala hakushtuka.

"Taslimu yangu yote iko kwenye miradi," akasema. "Chukua lile langu la pale nje. Thamani yake inazidi."

Pale nje lilisimama gari refu jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Profesa nusura ameze ulimi wake.

"Funguo hizi hapa. Ondoka nalo sasa hivi, usikawie. Pita barabara kuu, watu wakuone."

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini tajiri ana haraka ya kuachana na mali yake. Profesa alikuwa na tamaa, na tamaa haiulizi maswali. Alipokuwa akitoka, Mkandarasi alikuwa ameshajikunja ndani ya gari jekundu, amekunja uso na kuunguruma kwa mdomo, fundi akimpiga picha. Kumtoa baadaye ilibidi fundi amvute kwa mikono miwili kama anayeng'oa muhogo.

Kwenye taa za barabarani wanaume wanne wakalizunguka gari jeusi. Madalali wa benki.

"Mwezi mzima tunalitafuta hili, bosi. Mkopo haujalipwa hata senti."

"Mimi si mwenyewe!"

"Basi wewe ndiye unayemfichia. Umelipataje?"

Kila ukweli Profesa aliotaka kuusema ulikuwa na kosa la jinai ndani yake. Wakampeleka kituo cha polisi.

Siku chache baadaye fundi akamletea chakula mahabusu.

"Mkandarasi ameisambaza ile picha," akasema. "Benki nyingine imeiona, imempa mkopo. Na barabara mpya kapewa yeye."

"Gari lake hakuliulizia?"

"Aliuliza kama anaweza kuja tena na suti nyingine. Analipa kwa kila picha. Ametuma na wenzake, shemeji, kuna foleni mpaka nje ya geti. Wengine wanakuja na wake zao."

"Unawaambia nini kuhusu injini?"

"Nawaambia haimo. Hakuna aliyejali."

Profesa akaweka tonge chini. Alikuwa na kazi mkononi isiyohitaji hata uongo mmoja, na ndiyo maana hakuiona.