Fremu ya Mama Mkwe

Jumamosi, 20 Desemba. Machakos mjini.

Habari kubwa! Mama mkwe amenunua fremu. Si fremu ya kuchezea, ni ile kubwa yenye ukingo wa dhahabu, upana wa trei ya chai. Alimpigia simu mke wangu Kasiva asubuhi, akasema Krismasi hii anataka picha moja ya familia yote, aitundike sebuleni kwake Mwala, juu ya kabati la vyombo.

Hii ndiyo nafasi yangu. Sebule ile ina picha kumi na nne ukutani. Nimezihesabu, miaka kumi na miwili ya ndoa si mchezo. Rodgers, aliyemwoa Nthenya mdogo wa Kasiva juzi tu, yuko kwenye tatu. Katika moja amemkumbatia mama mkwe! Mimi niko kwenye moja tu, ya harusi yangu mwenyewe. Fremu ilikuwa ndogo, picha ikakunjwa, na kilichobaki cha bwana harusi ni kiwiko. Ni kiwiko kizuri, sikatai. Lakini ni kiwiko.

Nimetangaza mezani kwamba mpiga picha rasmi wa familia ni mimi, na safari hii nitakuwa ndani ya picha, katikati, kifua mbele. Kasiva akauliza mpiga picha ataingiaje kwenye picha anayoipiga. Nikamkumbusha kwamba nimekuwa msaidizi wa maabara ya shule ya sekondari miaka kumi na tisa. Sayansi ipo! Akaenda kukunja nguo.

Jumapili, 21 Desemba. Mwala.

Tumefika salama na gari langu, Probox. Mashamba ni ya kijani, mbuzi wamenona, mama mkwe ametupokea vizuri sana. Yaani amewapokea Kasiva na binti yetu Ngina. Mimi amenisalimia akitazama mlango wa jikoni. Ndivyo inavyotakiwa. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mkwe na mama mkwe. Hamgusani, hamkai benchi moja, hamtazamani usoni. Akitaka kuniambia kitu anamwambia Kasiva, Kasiva ananiambia, na mimi nimesimama pale pale nasikia. Namheshimu mno mama huyu. Miaka kumi na miwili hatujakosana hata siku moja, na nadhani hatujaongea hata dakika kumi.

Rodgers alizaliwa Nairobi, anaishi Syokimau, na anasema nthoni hakufundishwa. Ndiyo maana anakumbatia ovyo. Watu wanacheka, wanamsamehe. Mimi nikijaribu nitaitiwa wazee.

Jaribio la kwanza, baada ya kanisa. Selfi. Nilinyoosha mkono mpaka bega likalia. Matokeo ni matundu ya pua yangu, wazi kabisa, na nyuma yake familia ndogo kama njugu. Mama mkwe, ambaye kwa sababu ya nthoni alisimama mwisho kabisa wa mstari, ametoka kilemba na sikio. Ngina akasema baba umetoka kama pango. Mtoto wa miaka kumi! Nimemwambia akasome.

Jumanne, 23 Desemba.

Rodgers amefika na Nthenya. Gari jeupe, suruali nyeupe, miwani ya jua, na stendi ya kamera yenye miguu mitatu. Hata chai hajanywa, akaisimamisha uani na kusema watu wavae vizuri, picha ya fremu inatoka leo leo. Wakapiga makofi. Ati makofi, kwa sababu ya vyuma vitatu!

Nilifikiria haraka. Picha ikipigwa na Rodgers ni ya Rodgers, hata nikiwa katikati. Mgeni akija, mama mkwe atasema hii tulipigwa na Rodgers. Hapana, hiyo haiwezekani. Watu walipoingia ndani kubadilisha nguo, nilipita karibu na stendi kuikagua, kitaalamu tu. Sijui skrubu ya katikati ilienda wapi. Stendi ilipiga magoti mara tatu mbele ya familia nzima, mara ya nne ikalala. Rodgers alitambaa kwenye nyasi akiitafuta mpaka ile suruali ikapata magoti ya kijani. Nilimsaidia. Nilitafuta kwa bidii kuliko wote.

(Iko ndani ya soksi yangu. Inachoma.)

Hapo ndipo niliposimama na kutangaza kwamba siku ya Boxing Day nawapeleka wote Kyamwilu, kule milimani juu ya mji wa Machakos. Ndipo pale barabarani ambapo watu husema maji hupanda mlima, na gari likiachwa huru hujipandisha lenyewe. Picha itapigwa huko, na mimi! Jibu la mama mkwe lilipitia kwa Kasiva. Amekubali. Atavaa gauni lake la bluu.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi.

Mazoezi nyuma ya choo. Simu yangu ukiibonyeza inahesabu sekunde kumi, halafu inapiga picha kumi mfululizo. Ninachohitaji ni mahali pa kuisimamisha, kisha nikimbie kuingia katikati. Kabla ya chakula nilifika hatua kumi na nne ndani ya sekunde kumi. Baada ya pilau, chapati na mbuzi, hatua tisa. Tisa zinatosha. Nimefanya mazoezi pia ya kuvuta tumbo ndani bila kuonekana kama mtu anayezama.

Ijumaa, 26 Desemba.

Leo naandika kwa herufi kubwa. Ni fahari, si hofu.

Tulifika Kyamwilu saa tano, barabara tupu, hewa safi. Rodgers akamwaga maji ya chupa barabarani, Ngina na binamu zake wakapiga kelele ati yanapanda. Sikutazama. Niliwaeleza kwamba hayo ni maneno ya kufurahisha watalii, na sayansi haiyaruhusu. Kisha nikawapanga sehemu ya juu ya barabara. Mama mkwe mwisho wa mstari, nafasi yangu katikati, na kati yetu watu wanne na mwavuli. Nthoni kamili!

Chini kidogo nikaegesha Probox ikiwatazama, simu juu ya boneti, imeegemea kioo. Ndiyo stendi yangu, na haina skrubu. Gia niliiacha huru, maana ya kwanza ikiingia haitoki mpaka fundi aitwe. Handbreki ilikufa mwaka juzi. Kwa hiyo niliweka jiwe nyuma ya gurudumu, upande wa mteremko, kama dereva yeyote mwenye akili timamu. Nikabonyeza. Nikakimbia hatua tisa, nikageuka, tumbo ndani, kifua mbele, tabasamu.

Gari likaanza kuja.

Kuja juu! Pole pole, mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, jiwe likabaki nyuma likishangaa. Nthenya akapiga ukemi, woi, woi! Kasiva akamnyakua Ngina wakaruka kando. Rodgers nilimwona mara ya mwisho akiingia mtaroni. Wote walikimbia isipokuwa mama mkwe, maana goti lake ni bovu na gari lilikuwa linamwelekea yeye. Alisimama tu ameshika kilemba.

Sikufikiria. Ningefikiria, labda ningemwita Kasiva amwambie mama asogee. Nilimkimbilia, nikamnyanyua mzima mzima na gauni lake la bluu, nikasogea naye hatua nne. Gari likapita, likaingia kwenye nyasi za ukingoni na kutulia. Simu haikuanguka. Muda huo wote ilikuwa inapiga picha.

Nikamshusha. Mama mkwe akafunga kilemba upya akitazama milima. Tukarudi Mwala.

Niandike wazi, ili ijulikane. Jiwe lilikuwa mahali pake. Kosa ni la mlima.

Jumamosi, 27 Desemba.

Nimeitiwa wazee. Mzee Mwangangi, kaka ya marehemu baba mkwe, alikuja saa nne na fimbo yake. Akasema kumgusa mama mkwe kuna faini yake inayojulikana, lakini kumbeba hajawahi kusikia tangu azaliwe, kwa hiyo itabidi akadirie. Nikamweleza kwa heshima kwamba nilimwokoa. Akauliza nilimwokoa na nini. Nikasema na gari. Akauliza gari la nani.

Basi, mbuzi mmoja dume na blanketi.

Mbaya zaidi, Ngina alikuwa ameshachukua simu yangu akatuma picha zote kumi kwenye grupu ya familia. Tisa ni takataka. Lakini ya saba! Haki ya Mungu, sijawahi kuona picha kama ile. Pande zote ni migongo ya watu wanaokimbia, na soli moja ya Rodgers ikizama mtaroni. Katikati ni mimi, uso mbele, meno yote nje, nimembeba mama mkwe, naye ananitazama usoni. Usoni! Hata kope zinaonekana.

Ndiyo picha niliyoitaka maisha yangu yote, na haiwezi kutundikwa sebuleni kwa Mkamba yeyote. Wageni watasema nini? Nilikaa ndani ya Probox nikaitazama nusu saa nzima. Iliniuma, nisidanganye.

Jumatatu, 29 Desemba.

Nimepeleka mbuzi. Mweusi, kutoka soko la Mwala, pembe safi, mbuzi wa kujivunia. Blanketi lina maua. Mzee Mwangangi alimpapasa mbuzi mgongo na kusema yaishe. Mama mkwe alimwambia Kasiva aniambie kwamba yameisha. Nilijibu kupitia kwa Kasiva kwamba nashukuru. Mama alikuwa hatua mbili kutoka niliposimama.

Halafu nikaona jambo. Ile fremu kubwa, iliyokuwa ikingoja picha juu ya kabati, haipo! Nikahesabu ukuta. Picha kumi na nne, zile zile, na kiwiko changu. Nikajua tu kwamba Rodgers ameichukua akaweke picha yake, akailete Pasaka kwa mbwembwe. Nilimtazama kwa jicho baya mchana kutwa. Jioni roho ilinisuta nikamrudishia skrubu yake. Nilimwambia nimeiokota kwenye banda la kuku. Akanishukuru mbele ya watu wote, akasema mimi ni mtu makini sana. Ni kweli.

Jumanne, 30 Desemba. Njiani, tumesimama kidogo.

Kasiva ameniambia tukiwa tumeshaondoka. Alingoja makusudi.

Rodgers hana fremu. Iko chumbani kwa mama, mkabala na kitanda, kando ya picha ya marehemu baba mkwe. Ndani yake ni ile picha ya saba. Nthenya ndiye aliyeenda kuichapisha, kwa siri, kwa amri ya mama. Mama alisema sebuleni haiwezi kukaa, watu watasema. Lakini akasema pia kwamba siku ile aliwaona wanawe wa kuzaa wakikimbia, na wala hawalaumu, gari ni gari. Ila tangu mzee afariki hakuna mtu aliyewahi kukimbia kuja upande wake. Akamwambia Kasiva, mume wako ni mtoto wangu, na usimwambie nimesema.

Niliegesha gari kando ya barabara. Nikalia. Nikamwambia Kasiva ni vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Halafu ikanijia. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe. Haingii wakati wa raha, haingii wakati wa shida, hata kuchungulia hachungulii. Kwa hiyo sitaiona imetundikwa, mpaka nife. Si neno. Nimevimba mpaka mkanda umenibana, Kasiva ananiambia niulegeze kabla sijakosa pumzi. Picha za Rodgers huonwa na kila anayekuja kunywa chai. Yangu inatazamwa na mtu mmoja tu, kila asubuhi anapoamka.

Hata hivyo, mpiga picha rasmi lazima akague kazi yake. Dirisha la chumba kile linatazama shamba la mbaazi. Liko juu kidogo, na pazia halifiki mwisho upande wa kushoto.

Pasaka nitakuja na ngazi.