Divai ya Mzee Karangwa na Pua Yangu

Jumatano, 5 Juni 2024. Asubuhi ukungu umefunika ziwa, Bukavu ng'ambo haionekani. Baridi.

Mzee Karangwa, mwenye nyumba hii ya wageni, ametuita mimi na mfanyakazi mwenzangu Mukandekezi. Binti yake Teta amemletea divai nyekundu ya Uhispania, ya mwaka 2001! Jumamosi ataifungua mbele ya marafiki aliokulia nao Bukavu. Sisi wawili tutahudumu, na atakayewapendeza wageni atakuwa msimamizi wa baraza jipya la ufukweni.

Baraza ni langu. Mukandekezi anajua kukaanga sambaza, dagaa wa ziwa letu, lakini divai anaijua ya kanisani tu. Mimi pia. Ila mimi nina simu.

Alhamisi, 6 Juni. Jua kali.

Nimepata video ya Kifaransa. Bwana mwenye skafu anasema divai iliyozeeka hunukia cheri, tumbaku na ngozi. Cheri hapa Rusizi hatuna, nimenusa matunda damu. Tumbaku nimenusa kwenye kiko cha bibi jirani. Nimepiga chafya hadi mchana. Kwa ngozi nikaenda kwa Hakimu, fundi viatu. Nikamwomba ninuse. Akauliza kiatu kipi. Nikasema vyote.

Jioni Mukandekezi akaniambia kwamba sokoni wanasema nimempenda Hakimu. Wivu!

Ijumaa, 7 Juni. Mawingu.

Nimemshauri Mukandekezi, kwa upole, aitikise chupa vizuri kabla ya kumimina, kama juisi ya maracuja. Nilijua mashapo yatapanda, aibu iwe yake. Badala ya kuniamini akamuuliza Teta! Teta akamwambia aisimamishe tangu leo, mashapo yatulie chini. Akamsifu kwa kuuliza. Hakuna haki.

Jumamosi, 8 Juni. Upepo mwanana. Siku yangu.

Nilivaa blauzi nyeupe. Nikaficha ndoo ndogo nyuma ya kiti, kwa maana bwana wa video huonja, kisha hutema. Mjuzi hamezi.

Mzee akaonja kwanza, kama desturi inavyotaka, ili wageni waone kinywaji ni salama. Akanipa glasi, nieleze. Nikazungusha. Nikanusa. Na kweli, ngozi! Viatu vya Hakimu, vile vya Jumapili! Nikaonja. Laini, chachu kidogo, halafu utamu wa mbali unaokataa kuondoka. Sijawahi kuonja kitu kama hicho.

Nikatema.

Mzee Buhendwa, rafiki mkubwa wa mwenyeji, akaweka glasi yake mezani polepole. Wa pili akafuata. Mzee Karangwa akanitazama.

“Maman Laurence, unatema kinywaji yangu mbele ya bageni? Niliweka sumu?”

Nikaeleza habari za bwana wa skafu. Hakuna aliyemjua. Mukandekezi akachukua glasi yangu kwa mikono miwili, akainywa yote, akapangusa midomo.

“Mzee, iko muzuri. Kama kuko ingine, muniongezee.”

Wakacheka, wakanyoosha glasi zao. Chupa ikaisha. Mimi sikumeza hata tone.

Jumapili, 9 Juni. Anga safi, Bukavu inaonekana yote.

Mukandekezi ndiye msimamizi. Amri yake ya kwanza: mimi nihudumie vinywaji, na ndoo irudi jikoni.

Nimetafakari sana kanisani. Kosa langu nimeligundua: nilitema kwa sauti! Bwana wa video hutema kimya, kama anapuliza mshumaa. Teta ameahidi kuleta chupa nyingine Krismasi. Basi tangu alasiri niko uani na maji na ndoo, najifunza. Bibi jirani amechungulia mara mbili, akaniuliza kwa huruma kama nina mimba na kama Hakimu anajua.

Sasa natema bila mlio wowote. Saa nne na robo usiku. Nalala.