Kinyume cha Mjomba Gelasius

Jumatano, 11 Novemba 2015

Hili sijamwambia mtu yeyote: sijawahi kutazama mechi ya besiboli mpaka mwisho. Nilijaribu mara moja, Agosti. Nikasinzia. Nilipoamka walikuwa wamesimama palepale, mmoja anatema mate.

Lakini shuleni naitwa Profesa. Vitabu ndivyo vilivyoniponza. Septemba, Amyn alikuwa akibishana na wenzake bwaloni juu ya wapigaji bora. Nikapita na trei yangu, nikataja takwimu niliyoisoma maktaba. Ilinitoka tu, kwa woga. Kisha Amyn akanisogezea kiti kwa mguu, akaniambia nikae. Kabla ya hapo nilikuwa nakula maktaba nyuma ya rafu ya jiografia, chapati mfukoni, maana mkutubi hataki makombo. Mwaka mzima! Sirudi kule.

Leo, baada ya kimya cha kuwakumbuka askari, mada mezani ilikuwa moja: tuzo ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika ligi yetu. Wamebaki watatu: wa Toronto, wa Los Angeles na wa Kansas City. Mshindi atatangazwa Alhamisi ijayo. Aziz akasema Profesa atabiri. (Aziz hanipendi. Kiti changu ndicho alichokuwa akiwekea begi.) Nikasema nitafanya utafiti. Akauliza utafiti wa nini, wakati hata paka wa mtaani hapa Thorncliffe Park anajua ni wa Toronto. Akaongeza sharti: atakayekosea ahame meza mpaka theluji iyeyuke. Nazmin, binamu yake Amyn, akasema Aziz ana akili za chekechea.

Mimi nikasema nakubali. Kwa nini nilisema nakubali?

Alhamisi, 12 Novemba

Nimeazima vitabu viwili. Cha kwanza kinasema thamani ya mchezaji ni yale anayoyafanya mwenyewe, hata kama timu yake ni mbovu. Cha pili kinasema hakuna mwenye thamani kwenye timu iliyoshindwa. Waandishi wote wawili wana uhakika kabisa. Wote wawili wamevaa miwani. Nimfuate nani?

Mama akanikuta naongea peke yangu. Nikamwambia kuna swali gumu la besiboli shuleni na lazima nipate jibu. Hakuuliza zaidi. Mama asipouliza, huwa anapanga jambo.

Jumamosi, 14 Novemba

Nimefunuliwa!

Mama alinituma Crescent Town kumpelekea kaka yake, Mjomba Gelasius, sufuria ya makande. Mjomba ni mtu mwema, ila hajawahi kupatia jambo. Oktoba alitabiri uchaguzi wa nyumbani. Akakosea rais, akakosea mbunge, akakosea hata diwani, na diwani ni shemeji yake. Mwaka juzi alitangaza kwamba baridi kali haitakuja, akagawa koti lake zito. Barafu ikaja ikakata umeme nusu ya mji. Alisema shangazi atajifungua mvulana. Wakazaliwa mabinti wawili.

Nikiwa kwenye treni narudi, likanijia: mtu anayekosea kila mara ana faida sawa na anayepatia kila mara. Unageuza tu! Nikashuka kituo cha Main Street, nikavuka upande wa pili, nikarudi mbio.

Mjomba alikuwa bado anakula. Nikamuuliza nani atachukua tuzo. Akashangaa mtoto wa dada yake anauliza swali la namna hiyo katika mji huu. Wa Toronto, basi! Nikauliza, na kama si yeye? Wa Kansas City, akasema, si ndio mabingwa? Na wa Los Angeles? Akapunga kijiko kama anayefukuza nzi. "Huyo sahau, mjomba."

Nimesahau kila kitu isipokuwa huyo. Ni wa Los Angeles. Hii ni sayansi.

Jumapili, 15 Novemba

Balaa. Leo jumuiya ilisali kwetu. Watu kwenye makochi, watu kwenye zulia, viatu koridoni mpaka mlangoni kwa jirani. Ulipofika wakati wa maombi, Mama akasimama. Akaomba kijana wake Tumsifu asaidiwe katika mtihani wa besiboli, na yule mchezaji wa Toronto, aliyemsikia kwa Mjomba, ashinde, kwa kuwa ndiye wa hapa kwetu.

Wote: "Twakuomba utusikie!" Kwa nguvu! Sauti ya Mjomba ilikuwa juu ya zote. Watu wazima chumba kizima wameniombea nianguke. Mama mmoja akauliza kama mchezaji mwenyewe ni Mkatoliki.

Baadaye jikoni nikamweleza Mama kwa adabu kwamba ombi limekwenda na jina lisilo sahihi, huenda likarekebishwa. Akasema Mungu si ofisi ya uhamiaji. Akanipa vikombe nioshe.

Kabla Mjomba hajaondoka nikamjaribu tena: tuzo ya mchezaji chipukizi wa ligi yetu, itakayotangazwa kesho, nani ataipata? Akasema wa Cleveland, bila kusita.

Jumatatu, 16 Novemba

Wa Houston! Mjomba, hujawahi kuniangusha.

Jumanne, 17 Novemba

Nimetangaza mezani: Los Angeles.

Aziz akapanda juu ya kiti, akarudia jibu langu ili bwalo zima lisikie. Kibanzi cha viazi kikanipiga sikioni kutoka meza ya pili. Msaliti, wakasema. Arudishwe alikotoka, akasema mmoja, na Amyn akamwambia afunge mdomo. Kisha Amyn akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika. Akauliza tena. Nikasema utafiti wangu ni wa kina.

Wakati wa kutoka Nazmin akanifuata. Akasema nisihangaike, sharti la Aziz ni upuuzi, na tena hakuna wa kubadili kitu sasa: waandishi wa michezo walipiga kura zao tangu mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya mechi za mtoano, na matokeo yamefungiwa yakisubiri siku yake.

Tangu Oktoba! Basi maombi ya jumuiya yamechelewa zaidi ya mwezi. Hayamo kwenye hesabu. Nimemshukuru Nazmin mpaka akanitazama vibaya.

Alhamisi, 19 Novemba

Wa Toronto.

Wa Los Angeles wa pili. Wa Kansas City wa tatu.

Mama akapiga vigelegele vilivyovuka ghorofa. Akanikumbatia, akasema umeona, mwanangu, Mungu anasikia. Simu ikalia. Mjomba. "Si nilikwambia, mjomba?" Maisha yake yote anakosea, kwa utulivu, bila kumsumbua mtu. Akachagua wiki hii kupatia!

Mama ameniuliza mbona siku ya kufaulu sina furaha. Nikasema ni uchovu.

Ijumaa, 20 Novemba

Nyuma ya rafu ya jiografia hakujabadilika kitu. Hata zulia lina doa lilelile. Nilikuwa nimemaliza nusu ya chapati, natafuna polepole ili mkutubi asisikie, Nazmin akatokeza kichwa kati ya Asia na Afrika.

Akauliza nafanya nini huku. Nikamkumbusha sharti. Akasema sharti gani, mbona Aziz mwenyewe amekwisha kulisahau, anagombania ketchup saa hii, na Amyn amekishikilia kiti changu tangu kengele ilipolia. Nikasema lakini nilikosea. Akasema wote wanakosea kila siku, ndiyo maana wanapiga kelele vile. Akasema Amyn ananipenda kwa sababu nasema mambo ambayo hakuna mwingine anayeyasema, na kama nataka kweli kuwafurahisha, niache besiboli kidogo. Nizungumzie kitu kingine. Chochote!

Nikaenda. Nikakaa. Aziz akaniita Profesa wa Los Angeles, akanisogezea vibanzi. Nilikuwa nawaza.

Kitu kingine. Nimewaelewa.

Jumamosi, 21 Novemba

Nimeazima kitabu cha hoki ya barafu. Nimekisoma asubuhi, kisha nikapanda basi na treni mpaka Crescent Town. Kosa langu liko wazi sasa: nilimgeuza Mjomba wiki ileile aliyogeuka mwenyewe. Mtu aliyemaliza makosa yake yote hana tena cha kukosea. Kuanzia leo namfuata neno kwa neno.

Nikamuuliza nani atachukua kombe la hoki msimu huu. Mjomba sasa hajibu haraka, amekuwa mtu wa kuulizwa. Akafumba macho. Akasema: Toronto.

Kitabu kinasema Toronto haijalichukua tangu 1967. Kwa hiyo zamu yao imewadia.

Nikamshukuru, nikatoka nje na kusimama kwenye upepo, nikampigia simu Aziz. Nikamtajia timu. Alicheka sana. Nikamwambia naweka dau kiti changu.