Kamati ya Kumwona Mtu Akisoma

Ofisi yetu inayo furaha kuutangazia umma kwamba, baada ya vikao kumi na vinne, imepata jibu la swali lililoikosesha raha kwa miaka: je, mtu aliyepata shahada kwa mtandao amesoma kweli, au amekaa tu nyumbani? Mimi ndiye katibu wa kamati iliyolitafuta jibu hilo. Niliajiriwa mwaka huu, na kila nilichoandika kwenye mihtasari nilikiamini.

Safari hii swali lililetwa na Dada Masjala. Ndivyo tunavyomwita, kwani ametunza mafaili yetu miaka kumi na mmoja, na ukimtajia faili lolote atakwambia liko rafu ipi na nani alilimwagia chai. Nafasi ya mkuu wa masjala ilikuwa wazi, nayo ilidai mtu aliye na shahada au anayeisomea. Nyumbani ana watoto wawili na mama asiyeweza kusimama bila kushikwa, kwa hiyo kwenda kuishi chuoni hawezi. Akaomba ruhusa asome kwa mtandao.

"Utasomea wapi hasa?" Mwenyekiti alimuuliza.

"Nyumbani, mzee. Mezani."

"Nani atakuona?"

"Mwalimu, kwenye skrini."

"Atauona uso. Na mikono ikiwa inamenya vitunguu?"

"Nikimenya vitunguu masikio yanabaki, mzee."

"Amekiri mwenyewe. Andika, kijana."

Nikaandika.

Mkuu wa Utumishi alishika kiuno. "Mimi nilisoma kwa kukaa. Miaka mitatu benchi la nyuma. Mgongo huu ni ushahidi."

Nikauandika na mgongo.

Kamati yetu haimkatalii mtu, humtengenezea utaratibu. Dada Masjala angesoma somo moja la majaribio, la utunzaji wa kumbukumbu za ofisi, wiki sita, katika chumba cha mikutano, wajumbe wote saba wakimwangalia. Kanuni ya Kwanza: kuonekana ndiko kusoma. Kanuni ya Nne: wote waliomo chumbani watasaini daftari la mahudhurio, na nakala itapelekwa chuoni kila Ijumaa ikiwa na muhuri. Katibu hasaini, kwa sababu katibu hahesabiwi. Kanuni ya Tisa aliiandika Mwenyekiti kwa mkono wake: mtumishi atakayefeli hatagusa suala lolote la elimu ofisini mpaka afaulu.

"Ukifeli, dada yangu, nafasi hiyo uisahau," alimwambia kwa upole. "Mpwa wangu anayo shahada ya kukaa."

Wajumbe walihudhuria kwa moyo mmoja. Siku ya kwanza walimwangalia Dada Masjala. Siku ya pili waliangalia saa. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wakilala kwa zamu, ili akidi ya walio macho isivunjike. Dada Masjala aliandika tu. Mara moja alinigeukia akanong'ona, "Mdogo wangu, hebu mguse mzee. Mwalimu anadhani mtandao ndio unakoroma."

Mwalimu alikuwa binti mvumilivu. Siku moja akasema, "Baba wa tai nyekundu, kumbukumbu hai na kumbukumbu tuli zina tofauti gani?"

Mwenyekiti akasafisha koo. "Suala hilo linafanyiwa kazi."

"Na nani?"

"Na wataalamu."

Dada Masjala akaeleza kwa sentensi mbili, bila kugeuka.

Matokeo yalifika Jumatatu. Mwenyekiti akaamuru niyasome kwa sauti. Wanafunzi wanane. Aliyefaulu mmoja, kwa alama za juu kabisa. Waliofeli saba, hawakujibu swali hata moja. Penye jina la Mwenyekiti mwalimu ameongeza: mahudhurio yake ni mazuri.

"Sisi si wanafunzi," Mwenyekiti akasema.

Kwa nia njema nilimkumbusha Kanuni ya Kwanza. Nikamfungulia daftari tulilokuwa tukilipeleka chuoni kila Ijumaa, saini zake zilikuwa thelathini.

"Basi tuibadilishe kanuni hiyo. Leo hii."

"Ni suala la elimu, mzee," nikasema. "Kanuni ya Tisa."

Mkuu wa Utumishi aliomba apewe maji.

Wajumbe walipokwisha hivyo, mamlaka ya kamati yalishuka kwa mtumishi pekee aliyefaulu mbele ya kamati. Dada Masjala alisaini ruhusa yake mwenyewe saa tano na nusu, akapiga muhuri, akaendelea kupanga mafaili.

Alasiri Mwenyekiti alikuja kwenye dirisha la masjala, barua mkononi. Alikuwa anaomba kurudia mtihani, nyumbani kwake, kwa mtandao, bila watazamaji.

"Itawezekana, dada yangu?"

"Itawezekana, mzee." Akamsainia, akampa kitabu cha somo kutoka kwenye meza yake.

Mwenyekiti alikipima uzito kwa mkono. Akatazama huku na huku, akainamisha kichwa dirishani.

"Nianzie wapi?"

"Ukurasa wa kwanza, mzee. Wenzako wote huanzia hapo."