Kitufe Kinachohama

Jumatatu, 3 Machi
Tumeshindwa kesi. Eti kampuni yetu inawabana watu: mwenye simu yetu hawezi kuchukua programu popote ila dukani kwetu. Mahakama imeamuru tuweke kitufe cha kumruhusu mteja kwenda maduka mengine. Siku saba! Bosi kafoka hadi miwani ikamdondoka. Kasema tutatii, ila kwa namna yetu. Nani ana wazo? Nikanyoosha mkono. Nikifaulu, unaibu mkurugenzi ni wangu. Nikiharibu, nikatafute kazi kwingine.

Jumanne, 4 Machi
Kitufe tayari. Kijivu juu ya kijivu. Kidogo kama chawa. Kabla ya kukifikia, kurasa kumi na moja za tahadhari. Ya tisa nimeitunga mwenyewe: je, familia yako inajua unachotaka kufanya? Mwanasheria wetu kashika kichwa. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimempa mama mkwe akitafute. Yeye asipokiona, nani atakiona? Kakipata kabla chai haijapoa! Tahadhari hasomi, anabonyeza tu. Kufika mchana kishawafundisha majirani wote. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi
Dawa nimeipata. Kitufe kitahama! Kila alfajiri, mahali papya. Jirani atamwelekeza nini jirani yake? Nimempigia mama mkwe kumtambia. Mwanasheria kauliza kama nina akili timamu. Nikamjibu kwamba woga wake ndio uliotuponza. Hati ya kiapo kwamba tumetii nimeitia sahihi mimi mwenyewe, kwa wino wa buluu.

Jumatatu, 10 Machi
Mahakamani. Hakimu kaniambia nitoe simu yangu nimwonyeshe kitufe. Cha Ijumaa nilikijua kilipo. Cha leo, wapi! Juu, hakuna. Chini, hakuna. Robo saa nzima. Bosi anaangalia dari. Ndipo mama mkwe, aliyekuja kunitia moyo, akainuka kutoka viti vya nyuma akasema: usihangaike mwanangu, leo kiko chini ya picha ya bahasha. Kisha akamweleza hakimu, kwa fahari, kwamba mkwewe ndiye anayekihamisha kila alfajiri, na kwamba yeye na majirani hushindana kukitafuta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kikulacho ki nguoni mwako!

Jumanne, 11 Machi
Unaibu, kwaheri. Hakimu kaamuru kitufe kiwe kikubwa, cha kijani, na kisihame kamwe kwenye ukurasa wake. Bosi kanipa hadi Ijumaa niokoe kazi yangu. Mke wangu kanishika mkono, kanisihi safari hii nifanye nilivyoambiwa, basi. Nikaona aibu kweli. Nikaahidi.

Baada ya chakula nimeusoma uamuzi upya. Mara tatu. Kitufe kisihame kwenye ukurasa. Sawa, hakitahama. Lakini hakuna mstari hata mmoja unaosema ukurasa wenyewe usihame!

Mama mkwe anakuja kesho. Nitampa aujaribu kwanza.