Kipembe cha Bibi Yake Oronzo

Mwanamke anayesafiri peke yake, kwa maoni ya Oronzo, ni riziki iliyojileta. Hana mume wa kumwambia "twende zetu," wala shoga wa kumfinya kiuno. Kwa hiyo asubuhi ile alipomwona Bi Nives, mtu wa Trieste, mbali kule kaskazini, miaka sitini na ushei, begi mgongoni, akiishangaa ngome ya mji wa Gallipoli, huku pwani ya kusini, Oronzo alimshukuru mtakatifu somo wake, kana kwamba watakatifu hawana kazi nyingine.

"Mama, uko peke yako? Na watu wa hapa walivyo na kijicho!"

"Kijicho gani tena, mwanangu?"

Oronzo akavua shingoni hirizi yake, kipembe cha marijani kilichoshikwa kwa dhahabu. Hicho kilikuwa cha kweli. Bibi yake alimvika siku ya ubatizo, na Oronzo, asiyeamini kitu kingine chochote duniani, alikiamini hicho. Bila hicho hakuthubutu hata kuvuka barabara.

"Hiki ndicho kinga. Lakini hakinunuliwi, mama. Ukikinunua kinakufa. Sharti upewe. Basi mimi nakupa."

Ufundi wenyewe ulikuwa hapo. Kipembe huviringishwa kwenye leso, na kinachotoka ni cha plastiki, cha senti hamsini. Kisha mgeni, kwa haya, naye hutoa zawadi yake, na haya ya wageni kwa kawaida huanzia yuro mia.

"Unanipa? Cha bibi yako?" Machozi yalimlengalenga Bi Nives. Leso haijatoka hata mfukoni, akamkamata Oronzo mkono na kumburuta hadi kichochoroni, ambako akina mama walikuwa wameketi milangoni wakibonyeza vidonge vya unga kwa dole gumba kutengeneza tambi. "Jamani, njooni muone! Kijana huyu ananipa kipembe cha bibi yake! Haya, nivike, mwanangu, wote washuhudie."

Kati yao alikuwemo Bi Addolorata, shangazi yake Oronzo. Alimtazama mpwa wake kuanzia viatu mpaka nywele.

"Oronzo? Anatoa?"

"Katamka kwa kinywa chake," akasema Bi Nives.

"Basi mvike, we!" shangazi akamwamuru. "Kipembe ukishakitoa ukakirudisha shingoni mwako, nuksi zote za mji ni zako. Au hujui?"

Oronzo alijua. Mahubiri hayo yalikuwa yakimlisha miaka kumi. Akamvika, moyo ukimuuma kweli.

"Labda na mama naye," alijaribu, "ana kijizawadi..."

"Nikulipe? Halafu kife? Mungu apishe mbali!"

Akina mama wakaitikia amina. Bi Nives akafungua kifungo cha juu cha blauzi ili akifiche kipembe ndani, na humo vilikuwemo vingine vitatu, vyote vya dhahabu.

"Bari nilipewa kimoja, Monopoli kimoja, Brindisi kimoja. Pwani hii, dada zangu, ina vijana wakarimu! Basi la Otranto linasimama wapi?"

Walimwelekeza wote kwa pamoja, na mmoja akamfungia mkate wa njiani.

Oronzo alibaki amesimama ukingoni mwa barabara, shingo tupu, magari yakipita.

"Acha kununa," akasema shangazi. "Si atatokea mtu akupe kingine."

Oronzo akaanza kufikiria ni nani mjini Gallipoli anayeweza kumpa yeye kitu bure. Tambi zilikauka, zikaanuliwa, zikapikwa, zikaliwa. Bado alikuwa upande uleule wa barabara.