Sauti ya Mama Ndani ya Memori Kadi

Jumatatu, 5 Agosti 2024. Arua.

Dada yangu Sadiya amefika kutoka Koboko. Amenikabidhi memori kadi ya simu ya marehemu mama, ndogo kama ukucha. Ndani mna wimbo mmoja tu: mama akimwimbia bi harusi wakati wa kupakwa hina. Hakuna rekodi nyingine. Jumamosi ni zamu ya Ruqaiya, binti wa Sadiya, naye amesema hanyooshi mkono pasipo sauti ya bibi yake. Amana hii ya kutunza hadi siku hiyo nimepewa mimi, wala si shemeji yangu Tahiru, mume wa Sadiya, ambaye ni fundi simu! Sadiya ameongeza kuwa Tahiru ana kazi nyingi wiki hii. Hilo sikulisikia vizuri.

Jumanne, 6 Agosti.

Nimesoma kutwa. Kumbe kila kadi ina mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga vitu vyake. Hii ina FAT32. Mfumo mkongwe, umeme ukikatika katikati ya kazi, hausahihishi kitu. Upo mwingine, ext4. Huu huandika nia kabla ya tendo. Ukikatizwa, hujua pa kuanzia. Mfumo wenye dini!

Nimempigia Tahiru kumwarifu. Kwa kweli, kumwumiza. Alicheka mpaka akakohoa. “Mzee, acha tu namna iko. Spika yote nasoma hiyo FAT32. Wewe fanya kopi mbili, kwisha.” Nikakata simu. Mtu asiyeweza kusema “spika zote” hatanifundisha uhifadhi.

Jumatano, 7 Agosti.

Tayari. Nimeuhamishia wimbo kwenye kompyuta yangu, nimeifuta kadi, nimeipanga upya kwa ext4, nimeurudisha wimbo. Kisha nimeifuta nakala ya kompyutani. Nilikuwa karani wa forodha Oraba kwa miaka ishirini na sita. Ugomvi wote niliouona ulianzia kwenye nakala ya pili.

Nimeusikiliza kabla ya kuichomoa. Mama anapumua kwa nguvu kabla ya ubeti wa mwisho. Nilitokwa na machozi. Hakuna aliyeona.

Jumamosi, 10 Agosti. Koboko.

Nitaandika yote.

Ua ulijaa wanawake. Ruqaiya mkekani, hina bakulini. Filda, mwenye spika, akachomeka kadi. Kimya. Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena. “Mzee, spika hapana kujua hii kitu yako.”

Nikaagiza kompyuta yake, nikaichomeka kadi humo. Nayo ikauliza kama nataka kadi ipangwe upya kabla ya kutumika. Nyuma yangu macho sitini. Mwenye kusitasita huonekana mjinga. Nikabofya Ndiyo.

Kadi ikafunguka mara moja. Nyeupe. Tupu kama sahani iliyooshwa.

Sadiya aliketi chini palepale. Nilitamani anitukane. Nikasema spika ni mbovu. Nikalisema mara tatu, mara ya tatu kwa kelele. Ruqaiya akaificha mikono ndani ya kanga. Hina ikaanza kukauka.

Ndipo Tahiru akaingia na simu yake. Aliunakili wimbo Jumatatu alfajiri, kabla mkewe hajapanda gari kuja kwangu. Filda akamwuliza alijuaje. “Mimi iko na huyu shemeji miaka thelathini,” akasema.

Mama akaimba. Ruqaiya akanyoosha mkono. Wote walilia, nami nililia, nyuma ya masufuria ya pilau, nilikojificha.

Jumapili, 11 Agosti. Koboko.

Nimemwomba Sadiya radhi. Alinipakulia chakula kwanza, na hilo liliniumiza zaidi. Akasema yamepita. “Wewe shika tasbihi, ndugu yangu. Memori achia Tahiru.” Nimeapa mbele yake.

Jumanne, 13 Agosti. Arua.

Nimejihoji kwa unyenyekevu, na kosa langu nimelipata. Ext4 haukubuniwa kwa ajili ya vikadi hivi! Upo uitwao F2FS, uliobuniwa mahsusi kwa memori za aina hii. Laiti ningaliujua, nisingaliaibika.

Sasa sauti ya mama imebaki kwa Tahiru peke yake, tena ndani ya FAT32. Je, nikae kimya? Jumapili alipokwenda kuswali aliacha simu kitini ikichaji. Memori kadi yake ninayo hapa.

Amepiga mara nne leo. Sijapokea; ningeharibu zawadi. Kadi imekwisha kupangwa kwa F2FS, wimbo umo, na nakala ya kompyutani nimeifuta ili isilete utata. Kesho naipeleka Koboko mwenyewe. Nataka kuuona uso wake atakapoichomeka.